JIRANI WA NJIANI

Gari dogo la abiria litokalo Moshi Mjini kwenda Marangu hujaza watu hata bega la mmoja likawa mto wa mwenzake. Yumo mama aliyepakata kapu, yumo kijana arudiye kutoka chuoni, yumo mzee mwenye koti zito ijapokuwa jua la mjini ni kali, kwa maana yeye anafikiria baridi ya huko aendako. Gari halijapita Kiboriloni, na tayari mtu amekwisha kuulizwa, "Unashukia wapi?" Akijibu, litafuata la pili: "Wewe ni wa nani?"

Vijana wetu wengi waliosoma hawalipendi swali hili la pili. Huliona kuwa ni upelelezi, au ushamba, au njia ya mtu mzima kujitafutia habari zisizomhusu. Hutia vizibo vya simu masikioni, wakageukia dirishani. Sisi twaona wamelielewa vibaya, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza msomaji asiyeijua nchi ya mlimani na aelewe jinsi watu wakaavyo huko. Upande wa juu wa Kilimanjaro hakuna vijiji vya nyumba kwa nyumba kama vya pwani. Kila mji umo ndani ya kihamba chake, katikati ya migomba na mibuni, na mpaka wake umepandwa masale. Mtu aweza kuishi hatua hamsini kutoka kwa jirani yake asiuone moshi wa jiko lake. Kwa hiyo mahali pa kuonana si uani, bali ni njiani: katika vijia vyembamba vya kwenda mtoni, penye mfongo unaogawa maji kwa zamu, na sokoni, ambako kila soko lina siku zake, na kina mama hutoka soko hili wakaenda lile na mikungu yao kichwani. Kilabuni nako, mbege ya ndizi na ulezi hainywewi mbio. Kata hupokezanwa, na mtu huwezi kuipokea kata kutoka mkononi mwa mwenzio kisha ukamgeuzia uso kama asiyekuwapo.

Nchi ya namna hiyo isingekalika pasipo maswali. Ukisema jina lako ni Lyimo, mwenzio ataipeleka fikra yake Marangu. Ukisema Swai, ataipeleka Machame. Kisha atakuuliza habari za mwalimu fulani, au za bibi mmoja aliyeolewa upande wenu, na kwa swali la tatu au la nne mtakuwa mmegundua harusi, au shule, au deni ambalo halijalipwa tangu enzi za babu zenu. (La mwisho hugunduliwa upesi kuliko mengine.) Aulizaye "wewe ni wa nani" hatafuti siri yako. Anatafuta uzi wa kuwafunga ninyi wawili kabla gari halijafika Himo.

Lakini je, mtu asiye wa mlimani? Moshi ni mji wa wageni tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini yaliita vibarua kutoka mbali. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliifanya kahawa ya wakulima wadogo kuwa biashara ya kuhitaji makarani, mafundi na madereva. Na wafanya kazi wa reli walitoka kila pembe. Mtu wa namna hiyo hana jina la ukoo litakalomsaidia kwenye benchi la gari. Yeye mlango wake ni utani.

Mchagga na Mpare ni watani, na jambo hili ni mali kubwa kuliko wengi wetu tufikirivyo. Waweke wawili hao katika basi moja, watu ambao hawajaonana tangu kuzaliwa, na kabla ya Same utasikia Mpare akieleza jinsi ya kuhakikisha kama Mchagga amekufa: tikisa sarafu karibu na sikio lake, asipofumbua macho, basi, chimbeni kaburi. Mchagga naye atajibu kwamba Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku. Basi zima litacheka, na hao wawili watagawana chungwa. Bwana R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Yamkini mtu aliyezoea kusikiliza ndege wakijibizana mtini hakupata taabu kuwasikiliza na watani. Makabila mengi yaliyo na utani ni yale yaliyopigana zamani, au yaliyokutana katika misafara ya biashara. Wazee wetu waliona kuwa baina ya watu kama hao ama pawepo mkuki ama pawepo mzaha, wakachagua mzaha. Tena hawakuuacha uwe mzaha mtupu. Mtani ana kazi msibani. Ndiye awezaye kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, ndiye awachekeshao wafiwa wakati ndugu wa damu hawawezi kufumbua kinywa.

Katika miaka ya TANU, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno "ndugu" lilifanywa kuwa cheo cha kila mtu, waziri na mfagiaji. Lilikuwa na faida moja ambayo hatukuihesabu wakati ule: lilimpa mtu neno la kumwanzia mgeni. Leo neno hilo limepungua masikioni mwetu na "mheshimiwa" limeongezeka, wala si rahisi kuanza maongezi ya njiani kwa kumwita mtu mheshimiwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Yapo maneno ambayo mtu hawezi kuwaambia watu wake. Ukoo una kumbukumbu ndefu, na kila neno lisemwalo nyumbani huwekwa akiba ya kikao kijacho. Fikiri habari ya urithi wa kihamba. Kwa mila ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza na yule wa mwisho ndio waliotazamwa zaidi, na wa mwisho ndiye aliyebaki katika mji wa baba. Wa katikati aghalabu waliambiwa wakajitafutie. Ardhi imekuwa finyu kizazi baada ya kizazi, na hao wa katikati wamejaa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Mmoja wao akisema nyumbani kwamba jambo hilo linamuuma, ataambiwa anatamani kaburi la baba yake. Kaka atanuna, mama atalia, na mwezi wa Desemba, wakati magari yote yapandapo mlimani yamejaa watoto warudio kwao, yeye atakuwa na aibu ya kurudi. Lakini ndani ya basi la usiku, kwa mtu aendaye Korogwe ambaye hatamwona tena, anaweza kulisema jambo hilo lote kutoka mwanzo hadi mwisho, na kulisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Msikilizaji hana upande. Hana kihamba cha kutetea. Atakachosema, hata kikiwa "pole" tu, hakina hila ndani yake.

Wala si uchungu pekee uendao njia hiyo. Mwaka 1973 mwanachuoni wa Kimarekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyosomwa sana, juu ya nguvu ya uhusiano hafifu. Aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, na akakuta wengi wao hawakuambiwa na rafiki wa karibu bali na mtu wanayeonana naye mara chache. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa karibu anajua yale yale uyajuayo wewe, bali mtu wa mbali anatoka penye habari nyingine. Kibarua yeyote aliyewahi kusikia kwa abiria mwenzake kwamba kiwanda fulani kinaandika watu hakuhitaji kuisoma makala hiyo. Kadhalika mwaka 2014 wataalamu wawili wa Chicago, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa abiria wa gari moshi la mji ule. Baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, na wengine wafanye kama siku zote. Waliozungumza ndio waliosema safari yao ilikuwa ya furaha kuliko ya wenzao. Na hapa ndipo penye ajabu: watu walipoulizwa kubahatisha, walidhani kinyume chake. Kila mmoja aliamini kuwa jirani yake hataki kusemeshwa.

Twalitaja jambo hili la Chicago kwa sababu twaiona dalili yake Moshi. Mabasi makubwa yana televisheni yenye kelele kuanzia stendi hata mwisho wa safari. Kila abiria ana simu, na ndani ya simu wamo watu wake wale wale aliowaacha nyumbani. Tena imo hofu, na hofu hiyo ina sababu, wala hatuwadanganyi wasomaji. Wapo matapeli wapandao magari na peremende zilizotiwa dawa, na abiria akaamka hana mkoba. Makondakta huwaonya watu wasipokee chakula kwa wasiowajua, na wanafanya vema. Lakini kuikataa biskuti ni jambo moja, na kuikataa salamu ni jambo jingine. Mwenye akili huficha fedha zake penye usalama, kisha akajibu alipoulizwa anashukia wapi.

Lipo pia jambo ambalo watu wa mlimani wanalijua kuliko watu wengine wote wa nchi hii, nalo ni kwamba kukaa karibu si kuzungumza. Maelfu ya wageni huja kila mwaka kuupanda mlima hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Siku tano, sita, au saba, kwa njia ya Marangu au ya Machame, mgeni na mpagazi hutembea katika matope yale yale, wakanyeshewa na mvua ile ile. Mgeni husema "Jambo!" na mpagazi hujibu "Jambo!" huku akimpita na mzigo kichwani, kwa maana yampasa afike kambini mapema asimamishe mahema. Siku ya mwisho huimbiana, hupigana picha, bakshishi hugawiwa, na aghalabu hakuna anayejua mwenzake ana watoto wangapi. Hatusemi kwamba wageni wana roho mbaya, wala kwamba wapagazi hawana maneno. Lugha ni kikwazo, lakini si kikwazo kikubwa. Tumewaona watu wasioelewana lugha wakizungumza nusu siku. Kikwazo ni kwamba mmoja anamngojea mwenzake afungue mfuko. Benchi la daladala lina ubora huu: waliokaa juu yake wamelipa nauli moja, na hakuna anayengoja kitu kwa mwenzake. Nao wapagazi, jioni wakisha kupika, wakajipanga hemani bega kwa bega, Mchagga wa Uru na Mpare wa Usangi na Mmeru wa Arusha, wao huzungumza hata usingizi uwachukue.

Lakini benchi tulilotaka hasa kulisimulia si la gari. Ni lile la nje ya wodi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika lililopewa jina la Msamaria Mwema. Waliosoma shule za misheni wanaikumbuka habari ile ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, na aliyemwinua hakuwa wa kabila lake. Wagonjwa huletwa hapo kutoka mikoa yote ya kaskazini, na kila mgonjwa anaye mtu wa kumwuguza, naye ndiye akaaye nje akingoja saa ya kuona wagonjwa, kikapu kikiwa magotini.

Habari tuliyoipata ni ya baba mmoja Mzigua wa Handeni, nasi tuliipata kwake mwenyewe katika basi, baina ya Same na Mombo. Binti yake wa miaka tisa alimwagikiwa na maji ya moto, akaletwa Moshi kwa barua ya rufaa. Mama wa mtoto alikuwa na kichanga, hakuweza kusafiri. Baba akapanga kitanda Majengo, na mchana kutwa akawa hapo benchini. Hakuwa na mtu hata mmoja katika mji ule. Siku ya pili bibi mmoja wa Kibosho, aliyekuwa akimwuguza mumewe, alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kikapu chako kimekatika mkono." Akakitwaa, akatoa kamba ya mgomba katika furushi lake, akakifunga. Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza.

Kesho yake bibi akaja na kiburu cha watu wawili. Keshokutwa akaja na chupa ya mtori kwa ajili ya mtoto. Baba hakuwa na cha kurudisha, lakini aliona kuwa bibi hawezi kuingia kumwogesha mumewe bila wanaume wengine wa wodi ile kuona haya, na wana wake wote walikuwa mbali, wawili Dar es Salaam na mmoja Mwanza, wakituma fedha kwa simu. "Mama," akamwambia, "niachie mimi." Basi kila asubuhi Mzigua yule alimwogesha mzee wa Kichagga asiyemjua, na kila Jumamosi akamnyoa ndevu. Mzee alikuwa amedhoofu sana, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Siku moja, povu la sabuni likiwa kidevuni, alisema, "Nimezaa, nimesomesha, na mwisho nanyolewa na mtu wa Handeni." Baba akamjibu kwamba Handeni nako kuna wembe. Wodi nzima ikacheka.

Twamwuliza, mlizungumza nini siku zote zile? Akasema: mvua. Bei ya mahindi. Jinsi mtoto wake alivyokuwa akipiga kelele wakati wa kubadilishwa bandeji, na jinsi yeye alivyokuwa akitoka nje asimsikie, jambo ambalo hakupata kumwambia mkewe mpaka leo. Bibi alisikia, akamwambia kwamba yeye naye wakati mwingine huomba mumewe apumzike upesi, na kwamba hawezi kulisema hilo mbele ya wanawe.

Juma la nne mzee alifariki. Wana wakafika, jeneza likapandishwa Kibosho, maana Mchagga huzikwa kihambani kwake. Baba wa Handeni aliomba ruhusa kwa binti yake, akapanda gari, akaulizia njia, akafika katikati ya watu wengi waliovaa vizuri, yeye na kikapu chake. Mzee mmoja wa ukoo alimwona kuwa ni mgeni, akamsogelea kwa adabu, akamwuliza yeye ni wa upande gani wa marehemu. Hakujua la kujibu. Akasema, "Mimi ni wa benchi."

Yule mzee hakuelewa. Lakini bibi, aliyekuwa ameketi na kina mama, alikuwa amesikia. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba huyo ndiye aliyemwogesha baba yao, na kwamba akae na watoto. Wana watatu wakasogea. Ilipofika zamu ya kufukia, kaka mkubwa alitia udongo, akampa wa pili koleo, wa pili akampa wa tatu, na wa tatu akageuka akampa Mzigua.

Binti yake aliruhusiwa kutoka hospitali siku tisa baadaye. Wakati baba akitusimulia hayo alikuwa amelala, mkono wake uliofungwa bandeji ukiwa juu ya paja letu, kwa kuwa palikuwa hapana nafasi nyingine. Tulipofika Korogwe waliteremka kutafuta gari la Handeni, na utingo akawashushia mkungu wa ndizi uliotoka Kibosho.